Chungu cha Chuma na Moto wa Juu



Mwezi huu tumepokea barua ya mwalimu mmoja wa shule ya shamba, naye atuuliza jambo ambalo twadhani laulizwa katika nyumba nyingi. Asema ya kwamba yeye na mkewe wamejaribu mara nyingi kuoka mkate wa ngano katika sufuria juu ya jiko la makaa, lakini kila mara mkate huungua chini ukawa mweusi kama kigae, na juu hubaki mweupe na mbichi, hata watoto hula sehemu ya katikati tu na kutupa pande zote mbili. Sasa ameonyeshwa chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu, kinauzwa na mtu anayehama, na muuzaji amwambia ya kwamba kwa chungu hicho ataoka mkate nje uani pasipo tanuu. Fedha anazo, ila zimewekwa kwa kununua mabati ya jikoni kabla ya masika. Mkewe hataki. "Nani mwenye haki?" atuuliza.

Kukata shauri la mume na mke kutoka mbali si kazi tuipendayo. Lakini chungu chenyewe twakijua, na kwa habari zake twaweza kusema, kisha hao wawili watasikilizana wenyewe.

Kwanza yafaa tujue taabu yatoka wapi. Moto wa jiko huja upande mmoja tu, upande wa chini. Ukipika maharagwe haidhuru, kwa kuwa maji yanayochemka hupanda na kushuka na kulichukua joto mpaka kila pembe ya chombo. Donge la unga haliwezi kujigeuza hivyo. Sehemu iliyogusa chuma huiva upesi, na kabla joto halijafika juu, chini kumekwisha kuwa majivu. Ukizidisha moto waongeza kuungua, na ukipunguza, mkate hauivi kabisa, bali hukauka tu na kuwa mgumu.

Dawa ya jambo hili mama zetu wa pwani waliijua zamani. Wali ukisha kukauka maji, mpishi hupunguza moto wa chini, hufunika sufuria, kisha huchukua makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya kifuniko. Ndiko kupalia makaa, na kila msichana aliyefunzwa upishi wa wali alijifunza neno hilo. Basi chungu alichoonyeshwa mwalimu hakileti elimu mpya; ni chombo kilichofanyizwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupalia. Kifuniko chake ni bapa, nacho kina ukingo uliosimama pande zote ili makaa yasidondoke wala majivu yasiingie chakulani. Chini kina miguu mitatu mifupi, ili makaa yapate nafasi na hewa. Wazee husema figa moja haliinjiki chungu. Hapa mafiga yamekwisha kushikamana na chungu chenyewe. Na ukuta wake ni mnene, nao hupokea joto polepole na kuliachia polepole, hata makaa machache yanayopungua nguvu hayaharibu kazi.

Lakini angalia sana. Kuna chungu kingine cha chuma, nacho pia kina miguu mitatu, ambacho hutumika mno katika nchi za kusini mwa Afrika. Hicho kina tumbo la mviringo kama mtungi, na kifuniko chake kimeinuka katikati kama kofia. Huko kusini hupikia nyama na mboga humo kwa tabaka, moto mdogo, saa nyingi, pasipo kukoroga, nao hukiita kwa Kiafrikaans potjie. Kwa mchuzi ni chombo bora. Kwa mkate si kazi yake, maana makaa hayakai juu ya kifuniko, na donge hukaa kombo tumboni. Wauzaji wengi hawaijui tofauti hii, au waijua na kunyamaza. Mwalimu na atazame kifuniko kwanza, kabla ya kutazama kitu kingine cho chote.

Huenda wengine watataka kujua chungu hiki kilitoka wapi. Chuma chake si cha kufuliwa kwa nyundo kama jembe la mhunzi, bali ni cha kusubu, yaani huyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Zamani katika Uingereza vyungu vizuri vilisubiwa kwa shaba, navyo vilikuwa ghali. Palikuwa na mtu wa Bristol, jina lake Abraham Darby, aliyekuwa akifanya kazi ya shaba. Mwaka 1707 alipata hati ya serikali ya kumlindia njia yake ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Kijana mmoja wa Wales aitwaye John Thomas alifanya kazi hiyo pamoja naye, akafungwa kwa mkataba asiifunue siri yake kwa watu wengine. Mwaka 1709 Darby alianza kuyeyusha chuma huko Coalbrookdale kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, badala ya makaa ya miti. Vyungu vya chuma vikapungua bei, na watu wasio matajiri wakaweza kuvinunua.

Waingereza hukiita chungu hiki "tanuu ya Kiholanzi". Wengine hudhani ni kwa sababu Darby alikwenda Uholanzi kutazama wasubu wa huko. Wengine husema jina latokana na Wajeremani waliohamia Pennsylvania katika Marekani, maana wao hujiita Deutsch, na majirani zao Waingereza wakachanganya neno hilo na jina lao la Waholanzi. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuwezi kuwacheka, kwa kuwa wazee wetu nao waliwaita Wajeremani Wadachi.

Ni katika Marekani hasa chungu hiki kilipopata heshima. Mary Washington, mama yake George Washington aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi ile, aliandika wosia wake mwaka 1788, na ndani yake alitaja vyombo vyake vya chuma vya jikoni, wagawiwe wajukuu. Twataja pia, kwa kuwa ni kweli, ya kwamba katika wosia uo huo wamo watu weusi waliogawiwa vilevile, kama vyombo. Na mikono iliyokuwa ikipalia makaa juu ya vifuniko vya nyumba kubwa kama zile, mara nyingi ilikuwa mikono yao. Baadaye, mwaka 1866, Charles Goodnight wa Texas alitengeneza gari la kukokotwa, lenye kabati la vyakula nyuma, kwa ajili ya wachunga ng'ombe waliokwenda safari za miezi. Mpishi wa gari hilo aliamka kabla ya watu wote, akachimba shimo refu la moto, akaoka vimkate na kupika maharagwe katika vyungu hivi, jua na upepo. Mwaka 1997 jimbo la Utah lilikitangaza kuwa chungu cha jimbo, kama vile wengine watangazavyo ndege au ua.

Sasa twafika kwenye moto, na hapa twaomba wasomaji wasiharakishe, maana wengi hununua chungu wakadhani chungu chajua kuoka.

Kanuni iliyo kubwa ni hii: ukioka mkate, makaa mengi yawe juu na machache chini, kadiri ya mafungu mawili juu na fungu moja chini. Ukipika mchuzi au maharagwe geuza, mengi yawe chini. Ukibanika nyama au kuku ndani yake, gawanya sawasawa. Wamarekani hutumia makaa ya kiwandani yaliyolingana ukubwa, nao huyahesabu. Kwa chungu cha inchi 12 upana, makaa 24, yaani 15 juu na 9 chini, huleta joto la kadiri ya digrii 165 za Selsiasi. Wakiongeza makaa mawili, joto huzidi kama digrii 14. Kwa mkate wa ngano huweka 29, yaani 19 juu na 10 chini, joto likafika kama digrii 200.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa kujua uwiano. Lakini makaa yetu ya gunia hayalingani: moja ni kama ngumi na la pili ni kama kidole, moja ni la mti mgumu na lingine ni la mti mwepesi unaolika mara. Atakayehesabu 29 katika gunia letu atapata leo jivu, kesho moto wa mhunzi. Basi afadhali kuvunja makaa yote kwanza yawe kama ukubwa wa limau dogo, kuyawasha pembeni mpaka yafunikwe na jivu jeupe, kisha kuyapanga. Kujua joto, chukua kisahani cha bati, nyunyiza unga kijiko kimoja, weka ndani ya chungu kitupu kilichokwisha kupashwa moto, funika, ngoja dakika 5. Unga ukiwa rangi ya kahawia nzuri, tia mkate. Ukiwa mweupe bado, ongeza makaa juu. Ukiwa mweusi, ondoa makaa uoe chungu kipoe kidogo, kisha jaribu tena. Unga huo ni hasara ndogo kuliko mkate.

Makaa ya chini yasirundikwe katikati. Yapange kwa duara, karibu na ukingo wa chungu, ili joto lizunguke. Katikati pasiwe na kitu, au liwe moja tu. Hapo ndipo mikate mingi hufia. Makaa ya juu nayo yapange kando kando kwa duara, na machache katikati. Upepo nao ni adui: upande uvumiwao makaa huwaka kwa nguvu na kwisha upesi, na mkate huiva upande mmoja. Weka kizuizi cha matofali au bati. Na kila dakika 15 zungusha chungu robo ya duara kwenda kulia, kisha zungusha kifuniko robo kwenda kushoto, pasipo kukifunua. Kufunua ni kutupa joto lote nje, na watoto wenye hamu wakatazwe.

Mkate wenyewe ni huu. Unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, hamira ya punje vijiko viwili vya chai, maji ya uvuguvugu kadiri ya vikombe vya chai viwili visivyojaa, mafuta kidogo. Tia maji kidogo kidogo, kwa maana unga mmoja hunywa kuliko mwingine. Kanda kwa dakika 10, funika kwa kitambaa, acha uumuke mpaka uwe mara mbili. Kanda tena kidogo, uviringe, uuweke katika chungu kilichopakwa mafuta, uumuke mara ya pili kama nusu saa. Tena pasha kifuniko moto peke yake kabla ya kufunika, la sivyo juu patachelewa. Baada ya dakika 35 hadi 45 utoe, uupige mgongoni kwa kidole: ukilia kama ngoma tupu, umeiva, ukinyamaza, urudishe.

Turudi kwenye shauri la mwalimu. Sisi twaona ya kwamba kwa majira haya mkewe ana haki. Chungu hiki ni cha uani, na masika yakishuka uani hapana makaa yatakayowaka juu ya kifuniko. Tena jiko lisilo na bati litamnyima hata ugali wa kila siku. Mabati yatangulie. Lakini mwalimu naye ana haki katika jambo moja, nalo ni kutafuta moto wa juu. Kwa hiyo ajaribu kwanza kwa chombo alicho nacho. Achukue sufuria kubwa nene, atie mchanga mkavu uliochekechwa chini kadiri ya vidole viwili, aweke juu yake bati dogo lenye mkate, afunike kwa sinia bapa la chuma, apalie makaa. Wanawake wengi huoka keki hivyo mpaka leo. Mchanga huzuia kuungua chini, na sinia huleta joto juu. Asitumie kifuniko chembamba cha alumini na kuyapulizia makaa, kwa kuwa alumini huyeyuka kwa digrii 660, na makaa yaliyopulizwa hupita hapo. Kifuniko kitatoboka, na makaa yataangukia mkate.

Akiisha kupata mkate mwema kwa njia hii, na nyumba yake ikauzoea hata kuutaka kila juma, basi baada ya mavuno na anunue chungu, kama bado kipo na kama ni kizima. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini huvunjika kama kigae. Na akiinue kwa mkono wake cha kuning'inizia, akigonge kwa kijiti: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hulia kizito. Akitazame chini penye miguu, maana ufa huanzia hapo. Aweke kifuniko, achungulie kama chakaa sawa pande zote. Kutu isimtishe. Kutu huondoka kwa kusugua na mchanga au majivu, wala hupunguza bei. Ufa hauna dawa.

Kilichosuguliwa na kukaushwa sharti kilishwe mafuta. Kipashe moto kidogo, kipake mafuta ya kula ndani na nje kwa kitambaa, kisha kifute kana kwamba umekosea kuyapaka, ibaki tabaka nyembamba sana. Kiinamishe juu ya makaa makali muda wa saa moja, nje, maana hutoa moshi. Mafuta hugeuka kuwa ngozi ngumu nyeusi iliyoshikamana na chuma, na kila ukipaka tena ngozi huzidi. Mara tatu au nne zatosha kuanzia. Wengi hupaka mafuta mengi ili kazi iishe upesi, nao hupata chungu chenye kunata kama asali.

Usimimine maji baridi katika chungu chenye moto; kitapasuka kwa sauti, na hapo fedha za mwalimu zimekwisha. Usikiache usiku kucha na maji. Ndimu, ukwaju na nyanya zikichemka humo saa nyingi hula ile ngozi na kukipa chakula ladha ya chuma. Kidogo hakidhuru. Tena chuma kinachoingia chakulani kina faida yake: mwaka 1999 jarida la waganga liitwalo Lancet lilitoa habari za watoto wadogo wa Ethiopia, ambao wengine walipikiwa kwa vyungu vya chuma na wengine kwa sufuria za alumini. Baada ya mwaka mmoja, wale wa vyungu vya chuma walikuwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo mtoto aliyepauka macho na viganja apelekwe hospitali, asingojeshwe chungu. Na mwenye ugonjwa wa selimundu, hasa aliyeongezwa damu mara nyingi, amwulize mganga kwanza, maana mwili wake huenda umekwisha kuwa na chuma kupita kiasi.

Limebaki jambo moja zito. Mvua ikianza ghafula, mtu hutamani kuingiza chungu na makaa yake ndani ya nyumba akafunga mlango. Asifanye hivyo kamwe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala pasipo kuwaamsha. Makaa yasiyo na moshi si makaa yasiyo na sumu. Mkate mbichi na upotee, makaa yakae nje. Kadhalika kifuniko chenye makaa kisiinuliwe kwa kitambaa, bali kwa kulabu ya chuma ndefu kama mkono, ambayo mhunzi ye yote aweza kuikunja. Na mahali pa kukiweka chini patayarishwe kabla ya kukiinua. Chuma cheusi hakionyeshi kama kina moto. Watoto watambaao huwekwa mbali mpaka kipoe kabisa, si mpaka makaa yazimike tu.

Mwalimu ameuliza pia kama aweza kukichukua kwa baiskeli akienda kuzuru shule za mbali. Chungu cha inchi 12 pamoja na kifuniko chake huwa na uzito wa kadiri ya kilo 9, na barabara zetu zajulikana. Afadhali kikae nyumbani. Kikiwekwa, kiwe kikavu, kimepakwa mafuta kidogo, na kipande cha karatasi kitiwe kati ya kifuniko na ukingo ili hewa ipite, maana kikifunikwa kabisa mafuta huvunda. Naye akipata mkate katika sufuria yake ya mchanga, atuandikie ulichukua dakika ngapi, na makaa yalikuwa ya mti gani.